Mnada wa korosho uko mtandaoni, nani anaiangalia seva?

Bei ya korosho ya mkulima wa Tandahimba, Newala au Masasi siku hizi inapita ndani ya kompyuta ambayo mkulima mwenyewe hajawahi kuiona. Kompyuta hiyo ikizidiwa wakati wa mnada, wanaoumia ni watu waliokaa ghalani wakisubiri bei. Je, mafundi wanajuaje kilichoizidi? Na vyama vya ushirika vina haki ya kuuliza nini?

Kutoka kwenye sanduku hadi kwenye skrini

Korosho ndiyo inayoendesha maisha ya Mtwara. Ada za shule, mabati ya nyumba, pikipiki, madeni ya duka: mengi husubiri msimu unaofunguliwa mwezi Oktoba. Tangu msimu wa 2007/2008 zao hili limekuwa likiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, yaani AMCOS, zinapimwa, zinasafirishwa hadi ghala kuu, kisha wanunuzi wanashindana kwa bei mbele ya wakulima wenyewe. Wakulima wakiridhika wanauza. Wasiporidhika wanakataa.

Kwa miaka mingi ushindani huo ulifanyika kwa karatasi. Wanunuzi waliandika bei zao, zikafungwa, zikafunguliwa na kusomwa hadharani. Katika msimu wa 2024/2025 utaratibu huo ulibadilika. Minada ya vyama vikuu vya ushirika, kikiwemo MAMCU cha Masasi na Mtwara na TANECU cha Tandahimba na Newala, ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaweka bei kwa kompyuta popote alipo, na wakulima wanaona matokeo kwenye skrini. Msimu huo ulifunguliwa kwa bei zilizovuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mavuno ya nchi nzima yalipita tani 500,000.

Anayefuatilia historia ya zao hili anajua kwamba mnada wa korosho si jambo dogo la biashara. Mwezi Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei za wanunuzi kwenye minada ya kwanza. Mgogoro ule uliishia kwa Rais John Magufuli kuamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, huku jeshi likipewa kazi ya kuzikusanya. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2013, mji wa Mtwara ulitikiswa na ghasia kuhusu bomba la gesi. Sababu za migogoro hiyo miwili zilikuwa tofauti, lakini swali lilikuwa lilelile: mali ya kusini inapoondoka, nani anashuhudia hesabu yake?

Sanduku la karatasi lilikuwa na lawama zake. Lakini mtu aliweza kuliona, kuona likifunguliwa na kusikia bei zikisomwa. Leo sanduku limekuwa seva.

"Mtandao unasumbua" si jibu moja

Mfumo wowote wa mtandaoni ukikwama, jibu la haraka ni hilo: mtandao unasumbua. Karani analisema, afisa analisema, na mkulima analipeleka nyumbani. Tatizo ni kwamba maneno hayo mawili yanaficha mambo manne tofauti, na kila moja lina mhusika wake.

La kwanza ni upande wa mtumiaji: umeme umekatika, mnara wa simu umezidiwa, au kompyuta ya chama ni mbovu. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa ikitegemea mitambo yake ya gesi, kwa hiyo kukatika kwa umeme hakuhitaji maelezo hapa.

La pili ni njia kuu. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Njia inaweza pia kufungwa kwa amri: Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote na ikachukua siku kadhaa kurudi. Tarehe hiyo iko katikati ya msimu wa korosho.

La tatu ni shambulio. Mwishoni mwa Julai 2023 huduma za serikali ya Kenya kupitia eCitizen zilizidiwa na mafuriko ya maombi ya uongo, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuhusika.

La nne ni seva yenyewe. Imekosa kumbukumbu, programu moja imeishika, au imewekewa kazi kubwa kuliko uwezo wake.

Tofauti ya hili la nne na yale mengine ni muhimu sana. Umeme ukikatika, kila mtu anaona. Waya wa baharini ukikatika, mashirika ya kimataifa yanayopima mtandao yanatangaza ndani ya saa chache. Lakini kinachotokea ndani ya seva kinaonekana kwa mtu mmoja tu: yule mwenye nywila ya kuingia. Mwenye dhamana ndiye pia shahidi pekee. Ndiyo maana inafaa wananchi wa kawaida wajue shahidi huyo anatakiwa kuangalia nini.

Ndani ya seva: fikiria ghala la AMCOS

Seva nyingi za wavuti duniani zinaendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Mfumo huu ni huria na hauuzwi. Vyombo vya kuchungulia ndani yake ni vilevile kwenye seva ya benki kubwa na kwenye kompyuta mpakato chakavu ya mwanafunzi wa Mtwara.

Ili kuelewa vyombo hivyo, mtu na afikirie ghala la chama cha msingi siku ya kupokea korosho. Kuna mizani, hiyo ndiyo prosesa, inayofanya hesabu. Kuna sakafu ya mbele ambako magunia yanashushwa na kufanyiwa kazi, hiyo ndiyo kumbukumbu, yaani RAM. Kuna chumba cha nyuma cha kuhifadhia, hiyo ndiyo diski. Na kuna vibarua, kila mmoja na kazi yake: huyu anashusha, huyu anapanga daraja la kwanza na la pili, huyu anaandika. Hao ndio michakato, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi wakati huo.

Sakafu ina ukubwa wake. Ikijaa, msimamizi anaweza kuagiza magunia yasiyohitajika sasa yapelekwe uani kwa muda. Kwenye Linux, ua huo ni sehemu ya diski ambayo mafundi huiita swapu. Inasaidia, lakini diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Ghala ambalo vibarua wake wanashinda wakibeba magunia kwenda uani na kurudi linaonekana lina pilika nyingi, kumbe hakuna gunia linalopimwa.

Na ua nao ukijaa? Hapo ndipo kiini cha mfumo, yaani kerneli, huchukua hatua kali. Hukadiria ni mchakato upi ukiondolewa utaachia nafasi kubwa, kisha huuua papo hapo bila kuuliza. Kwenye seva ya wavuti mchakato mkubwa kuliko yote mara nyingi ni hifadhidata. Kwa maneno mengine, seva ikiishiwa nafasi katikati ya kazi, anayefukuzwa ghalani anaweza kuwa karani mwenye daftari la bei.

Maswali matatu ya fundi

Fundi anayeitwa kwa sababu seva imekuwa nzito anaanza na maswali matatu. Hayahitaji mashine ya gharama. Yanahitaji dakika chache na mpangilio.

Swali la kwanza: foleni ina urefu gani? Amri ya uptime, au mistari ya juu ya programu inayoitwa top, hutoa namba tatu za wastani wa mzigo: wa dakika 1, dakika 5 na dakika 15 zilizopita. Namba hizo hazina maana mpaka ujue mizani iko mingapi, yaani prosesa ina viini vingapi. Mzigo wa 4 kwenye seva yenye viini 4 maana yake kila mzani una kazi na hakuna anayesubiri. Mzigo wa 16 kwenye seva hiyohiyo maana yake kwa kila anayehudumiwa, watatu wako kwenye foleni. Mpangilio nao unasema jambo: ukisoma 16, 9, 4 mzigo unapanda, ukisoma 4, 9, 16 unashuka na pengine dhoruba imepita.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Linux huhesabu kwenye foleni hiyo hata michakato inayoisubiri diski. Kwa hiyo mzigo unaweza kuwa mkubwa huku prosesa ikiwa karibu haina kazi. Anayeona namba kubwa na kukimbilia kununua prosesa yenye nguvu zaidi atatumia fedha za wakulima bure, kwa sababu kinachochelewesha ni chumba cha nyuma.

Swali la pili: sakafu ina nafasi? Amri ni free, na ikiandikwa free -h inatoa hesabu kwa megabaiti na gigabaiti. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Safu inayoonyesha kumbukumbu tupu kabisa mara nyingi husoma kiasi kidogo sana, hata kwenye seva yenye afya njema. Sababu ni kwamba Linux haipendi sakafu ikae wazi. Nafasi isiyotumika huwekwa nakala za mafaili yanayosomwa mara kwa mara, ili yasifuatwe tena chumba cha nyuma. Mtu akihitaji nafasi, nakala hizo huondolewa mara moja.

Namba ya kusoma ni ile ya safu ya mwisho, inayoitwa available, inayokadiria nafasi ambayo programu mpya inaweza kupata bila kupeleka kitu uani. Makadirio hayo yaliingizwa kwenye kerneli toleo la 3.14 mwaka 2014. Hiki ni kipimo kizuri cha kumtambua anayejua kazi. Mtoa huduma akikuonyesha safu ya kumbukumbu tupu na kudai seva imejaa inahitaji kubadilishwa, mwombe akuonyeshe safu ya mwisho.

Kuhusu ua, kinachoangaliwa ni mwendo kuliko wingi. Swapu kuwa na magunia machache yaliyosahaulika si hatari. Hatari ni mwendo. Amri ya vmstat ina safu mbili, si na so, zinazoonyesha vinavyotoka uani na vinavyopelekwa uani kila baada ya muda. Zikiwa juu mfululizo wakati wa mnada, seva inahangaika.

Swali la tatu: nani ameishika? Amri ya ps aux --sort=-%mem hupanga michakato yote kuanzia inayotumia kumbukumbu nyingi zaidi. Programu ya top hufanya kazi hiyohiyo ikijihuisha kila sekunde 3. Hapo fundi anaona kama ni hifadhidata, kama ni programu ya wavuti, au kama ni kazi nyingine kabisa: mtu ameanzisha kunakili data zote saa nne asubuhi, saa ya mnada, badala ya saa nane usiku.

Nalo swali hili lina tahadhari yake. Michakato ya programu moja hutumia sehemu za kumbukumbu kwa pamoja, kama vibarua watano wanaotumia meza moja ya kupangia. Ukiihesabu meza hiyo kwa kila kibarua utapata meza tano. Kwa hiyo ukijumlisha safu ya kumbukumbu ya michakato yote unaweza kupata jumla kubwa kuliko RAM iliyopo, na hakuna aliyekudanganya.

Hesabu ya siku ya mnada

Kwa nini seva inayofanya kazi vizuri mwezi Julai ishindwe mwezi Oktoba? Tuchukue mfano wa seva ndogo yenye RAM ya gigabaiti 4. Tuseme hifadhidata na mfumo wenyewe vinatumia gigabaiti 1. Zinabaki gigabaiti 3, sawa na megabaiti 3,072. Tuseme kila mgeni anayehudumiwa anahitaji mchakato mmoja unaotumia megabaiti 60. Gawanya, utapata nafasi ya wageni 51 kwa wakati mmoja.

Sasa, Apache, mojawapo ya programu za wavuti zinazotumika zaidi, katika mtindo wake wa zamani huruhusu hadi michakato 256 kwa wakati mmoja kama hakuna aliyebadilisha mpangilio. Michakato 256 mara megabaiti 60 ni megabaiti 15,360, yaani gigabaiti 15. Seva imeahidi sakafu ya gigabaiti 15 wakati ina 3. Mwezi Julai wageni ni 10, hakuna anayegundua. Siku ya mnada wanaingia 150 kwa dakika moja, sakafu inajaa, ua unajaa, na karani wa bei anauawa.

Suluhisho la kwanza hapa halina gharama: kuweka kikomo cha michakato 50. Mgeni wa 51 atasubiri mlangoni kwa sekunde chache, lakini ghala halitaanguka. Kusubiri kidogo kwa zamu na kuanguka kwa wote ni vitu viwili tofauti, hasa pale ambapo mnunuzi aliyefanikiwa kuingia anaweza kupata shehena kwa sababu tu mshindani wake alifungiwa nje na hitilafu.

Hapo ndipo suala la ufundi linakuwa suala la haki. Mnada unategemea ushindani. Mnunuzi mmoja akikosa kuweka bei, mkulima hataona kosa lolote kwenye skrini. Ataona bei tu, imepungua kidogo. Mnada ukiahirishwa, malipo yanachelewa, na malipo yanapochelewa kangomba wapo vijijini na fedha taslimu mkononi, tayari kununua kwa bei ya kutupa.

Mgeni asiyealikwa

Orodha ya michakato ina kazi nyingine: inafichua wezi. Duniani kote kuna programu hasidi zinazovamia seva za Linux zisizolindwa na kuzitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Lengo lake kuu si kuiba data wala kufuta kitu. Zinaiba nguvu ya prosesa. Mmiliki anaona tu kwamba seva imekuwa nzito.

Mojawapo, ambayo watafiti wa usalama wanaiita Kinsing, huendesha mchakato wenye jina kdevtmpfsi. Kwenye Linux kuna mchakato halali wa mfumo unaoitwa kdevtmpfs. Tofauti ni herufi moja mwishoni. Fundi asiyezijua sura za vibarua wake wa kila siku atapita mbele ya mwizi huyu akidhani ni mtu wa nyumbani. Kwa hiyo kuchungulia siku ya tatizo peke yake hakutoshi. Lazima kuwe na rekodi ya siku za kawaida ili siku isiyo ya kawaida ijulikane.

Ushahidi mkubwa wa thamani ya tabia hiyo ulipatikana mwezi Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa programu, alikuwa akipima jambo jingine kabisa alipogundua kuwa kuingia kwenye kompyuta yake kwa njia ya mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, na kwamba mchakato unaohusika unatumia prosesa kuliko inavyostahili. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia, na Machi 29 akatangaza kwamba kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, kulikuwa kumepandikizwa mlango wa siri. Aliyeupandikiza alijiita Jia Tan na alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga uaminifu kwa wasimamizi wa programu hiyo. Mlango ule ulizibwa kabla haujaenea kwenye matoleo ya kawaida yanayotumiwa na seva nyingi.

Wavamizi werevu zaidi huweza hata kuficha michakato yao isionekane kwenye ps wala top. Ndiyo maana rekodi inafaa itumwe na kuhifadhiwa kwenye kompyuta nyingine. Mwizi akilala ndani ya ghala, daftari lisilale humo humo.

Wengine wamejifunza vipi?

Oktoba 1, 2013 serikali ya Marekani ilizindua tovuti ya bima ya afya ya healthcare.gov. Siku ya kwanza walioweza kukamilisha usajili walikuwa watu 6. Timu ya uokoaji ilipoingia, mojawapo ya mambo yaliyoishangaza ni kwamba hapakuwa na ubao wa pamoja unaoonyesha hali ya mfumo ilivyo wakati huo. Waliojenga mradi wa mamilioni ya dola walikuwa wakisikia hitilafu kupitia habari kama wananchi wengine. Kuujenga ubao huo ilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza za timu hiyo.

Hapa nyumbani kuna mfano wa karibu zaidi. Takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya vya nchi nzima, zikiwemo zahanati za Nanyumbu na Mtwara Vijijini, huingizwa kwenye DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Tanzania, kwa mchango wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imekuwa ikiitumia kitaifa tangu mwaka 2013. Mfumo kama huo una msimu wake: taarifa za mwezi zinapokaribia tarehe ya mwisho, kila wilaya inaingia kwa pamoja. Hali ni hiyohiyo kwa tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, siku ya matokeo ya kidato cha nne, wakati watahiniwa zaidi ya nusu milioni na ndugu zao wanapoifungua kwa pamoja.

Mifumo hii yote ina sifa moja na mnada wa korosho: kilele chake kinajulikana tarehe kabla hakijafika. Tetemeko halitabiriki, lakini Oktoba inatabirika. Kwa hiyo kuzidiwa kwa seva siku ya mnada hakuwezi kuitwa bahati mbaya.

Vyama vya ushirika vidai nini?

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, jukumu la kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Huo ni usimamizi wa juu. Wakulima, ambao makato yao kwa kila kilo ndiyo yanayogharimia sehemu kubwa ya shughuli za ushirika, wanaweza kudai mambo manne yasiyo makubwa.

Kwanza, jaribio la mzigo kabla ya msimu. Mafundi waigize wageni mara mbili ya wanaotarajiwa, waangalie foleni na nafasi ya kumbukumbu, waandike matokeo.

Pili, rekodi ya kila dakika siku ya mnada: mzigo, kumbukumbu iliyopo, mwendo wa swapu, na michakato 10 mikubwa. Rekodi hiyo ni faili dogo kuliko picha moja ya simu.

Tatu, ikitokea hitilafu, ushahidi uandikwe kabla ya kuzima na kuwasha. Ujumbe wa kerneli unaosema kumbukumbu imeisha na mchakato fulani umeuawa husomeka kwa amri ya dmesg au journalctl -k. Seva ikiwashwa upya, ujumbe wa dmesg unapotea, na ule wa journalctl unabaki pale tu ambapo mfumo umepangwa kuuhifadhi kwenye diski. Anayewasha upya kwanza na kuuliza baadaye amefuta nyayo, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Nne, muhtasari usomwe kwenye mkutano, kwa Kiswahili: saa fulani mfumo ulichelewa kwa dakika kadhaa, sababu ni hii, wanunuzi walioshindwa kuingia ni idadi hii, hatua iliyochukuliwa ni hii.

Kuna hoja mbili za kupinga, na zote zina uzito. Ya kwanza ni usalama: kuanika undani wa seva kunawasaidia wavamizi. Ni kweli kwamba orodha kamili ya michakato haipaswi kubandikwa ukutani, kwani baadhi ya amri huonyesha njia za mafaili na hata nywila zilizoandikwa kizembe. Lakini muhtasari wa mzigo na kumbukumbu hauna nywila wala jina la mkulima hata mmoja, kwa hiyo haugusi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Undani wote unaweza kubaki kwa mkaguzi.

Hoja ya pili ni kwamba wakulima hawataelewa. Hawahitaji kuelewa wote. Anahitajika kijana mmoja au wawili katika kila chama kikuu wanaoweza kuisoma rekodi hiyo na kuuliza swali gumu. Mtwara ina VETA, ina kampasi ya Chuo cha Uhasibu Tanzania, ina chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris. Linux ni ya bure na amri tulizozitaja hapa zinafundishika ndani ya wiki. Kinachokosekana si darasa. Ni chama kumwajiri kijana huyo na kumpa kiti kwenye chumba cha mnada.

Na tukumbuke kwamba wazo lenyewe si geni ghalani. Mzani wa AMCOS hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri. Hakuna karani anayesema ukaguzi huo ni kumtukana, na hakuna mkulima anayeambiwa auamini mzani kwa sababu ni wa kisasa. Anasogea, anaangalia muhuri, anaangalia namba, ndipo anashusha gunia. Seva ya mnada nayo ni mzani. Inapima bei badala ya uzito, na bado haina mahali ambapo mkulima anaweza kusogea na kuangalia.